Fizi zinatoka damu ukipiga mswaki? Fanya hivi

Jamani mtu anapiga mswaki, akitema anaona damu, basi anaanza kuparuka pale panapouma, na ndo kosa lenyewe hilo, uchafu unabaki pale pale na fizi inazidi kuvimba. We endelea kupiga ila kwa mswaki laini, taratibu kwenye mpaka wa jino na fizi, dakika 2 asubuhi na 2 usiku kabla ya kulala, na katikati ya meno pitisha uzi wa kusafishia meno. Maji ya vuguvugu na chumvi nusu kijiko cha chai kwa glasi yanatuliza uvimbe tu, hayatibu.

Sasa ule uchafu ulioganda kama jiwe, ugaga, mswaki hauutoi hata usugue na mkaa (na mkaa wenyewe unakula meno, achana nao). Hapo ni daktari wa meno akukwangue. Kama fizi zimeshaachana na meno anakuchoma ganzi anakwangua mpaka kwenye mizizi, isipotosha ndo upasuaji mdogo wa fizi. Akikupa dawa ya kusukutua ya klorheksidini fuata siku alizosema, ukizidisha meno yanapata madoa ya kahawia. Ila kukimbilia duka la dawa kununua metronidazo (dawa ya kuua bakteria) kila fizi zikiuma, hapana aisee, ugaga bado uko pale.

Una kisukari au unavuta sigara? Mwambie daktari mapema, kupona kwako kunachelewa. Na jino likianza kucheza usisubiri mwisho wa mwezi.