Springi na shokapu za Hilux ya porini: anzia kwenye mizani

"Fundi, ninunue shokapu gani?" Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na kila mara nalijibu kwa swali: gari lako linabeba nini siku zote? Wengi hukwama hapo, kwa sababu wamefikiria kimo cha gari tu, uzito haujawajia akilini. Mwongozo huu ni wa mwenye Hilux ya dabo kebini, Vigo au Revo, inayotoka Arusha kwenda Natron kwa njia ya Mto wa Mbu na Engaruka, au inayopita Ngorongoro kwenda Seronera. Wenye Land Cruiser mkonga, mengi yanawahusu pia, isipokuwa ya mbele, maana ninyi mna ekseli nzima.

Hatua ya 1: Tambua kinachokusumbua

Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu haibebi, inaituliza springi isiendelee kucheza baada ya shimo. Kwa hiyo gari likikaa chini nyuma, shokapu mpya hazitalinyanyua hata ukinunua za bei gani. Likiwa limekaa sawa lakini linadunda mara tatu nne baada ya tuta moja, angalia shokapu. Ingia chini na tochi. Shokapu iliyovuja huwa na mchirizi wa mafuta ulioshika vumbi mpaka ukawa tope jeusi kuanzia kwenye sili kushuka chini. Shika na bushi za springi pia. Raba iliyopasuka hupiga kelele ambayo watu huisingizia shokapu.

Hatua ya 2: Pima gari

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Jaza tangi, funga kila kinachokaa kwenye gari moja kwa moja, kisha nenda kwenye mizani ya ghala la nafaka au ya wauza vyuma chakavu. Pima gari zima, halafu magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma.

Utashangaa. Tangi la lita 80 za dizeli ni karibu kilo 67. Maji lita 60 ni kilo 60. Bampa ya chuma na winchi vinaweza kufika kilo 100, na zote zinaning'inia mbele ya magurudumu. Bado kanopi, hema la juu, friji, spea tairi ya pili.

Sasa gawa uzito huo: ule wa kudumu, na ule unaopakiwa na kushushwa. Springi huchaguliwa kwa ule wa kudumu. Kampuni kama Old Man Emu na Ironman za Australia huzipanga springi zao hivyohivyo, kwa kilo za kudumu mbele na nyuma, na muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza namba hizo kabla ya kukutajia bei.

Mteja wangu mmoja aliwahi kufungiwa nyuma springi za kilo 500 za kudumu, na gari lake hutembea tupu. Aliambiwa ngumu ndiyo imara. Kwenye ile barabara ya Natron iliyojikunja kama bati la migongo, springi hazikukunjika hata kidogo. Tairi za nyuma zikawa zinarukaruka juu ya migongo bila kushika ardhi, na kwenye kona mkia ukakimbilia pembeni. Alinusurika kupinduka. Tulizitoa, tukafunga za uzito wa kati, akarudi njia ileile bila wasiwasi.

Jambo moja zaidi: springi nzito haziongezi uzito ulioruhusiwa na kiwanda. Breki, ekseli na chesisi ni zilezile. Na usifunge mipira ya upepo nyuma ili kubeba shehena kubwa kwenye dabo kebini. Inasukuma chesisi mahali pamoja badala ya kugawa mzigo kwenye macho mawili ya springi, na chesisi hupinda nyuma ya kebini.

Hatua ya 3: Kimo

Milimita 40 hadi 50 zinatosha. Ukizidisha, shafti za magurudumu ya mbele zinakaa kwa pembe kali, raba zake zinachanika, vumbi linaingia, CV jointi, ile inayozungusha gurudumu hata likikata kona, inakwisha. Alaimenti nayo inagoma bila mikono mipya ya juu, yaani vyuma vinavyoshika gurudumu la mbele kwa juu. Vipande vya kunyanyulia vinavyowekwa juu ya shokapu ya mbele sivipendi, kwa sababu vinaliacha gurudumu lishuke kupita kiasi, na jointi zinavutika.

Hatua ya 4: Shokapu

Zipo za silinda moja na za silinda mbili, moja ndani ya nyingine. Kwenye migongo mirefu shokapu hufanya kazi bila kupumzika. Baada ya saa moja huwezi kuigusa kwa mkono. Mafuta yakichemka na kuchanganyika na gesi yanatoa povu, na shokapu inaacha kushika. Ya silinda moja hutoa joto haraka na gesi yake imetengwa na mafuta, lakini pistoni inatembea kwenye ukuta wa nje: jiwe likibonyeza ukuta huo, imekufa. Ya silinda mbili huvumilia mawe.

Kwa njia za Natron, zenye mawe ya volkano, mimi huchagua silinda mbili yenye mwili mnene na mafuta mengi. Hakikisha imetengenezwa kwa springi ulizochagua. Shokapu laini haiwezi kuituliza springi nzito. Na punguza upepo wa tairi na mwendo ukifika kwenye migongo, hapo utakuwa umeipunguzia nusu ya kazi.

Hatua ya 5: Kufunga

Kabla ya kufungua chochote, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, uandike. Nunua yu-bolti mpya, zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli; za zamani zimeshavutika. Bolti za bushi zikazwe gari likiwa chini, limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa likiwa kwenye jeki, raba inakaa imejisokota na itachanika mapema.

Angalia kama Hilux yako ina valvu ya breki iliyoungwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Gari likinyanyuliwa, valvu hiyo inadhani mzigo umeshushwa na kupunguza breki za nyuma. Fimbo lazima irekebishwe. Hili mafundi wengi hulisahau, na ni hatari.

Kisha alaimenti, kisha mwanga wa taa ushushwe. Ukitembea kilomita 500, rudi ukaze yu-bolti zote upya.