Kabla ya Kununua Gari Lililotumika Jeshini: Mwongozo kwa Wakaazi wa Unguja na Pemba

Gari lililotumika jeshini hupendwa kwa uimara wake, na katika visiwa vyetu, ambako njia nyingi za mashamba huharibika kila masika, Land Rover au lori la aina hiyo lina kazi ya kweli. Hata hivyo, gari hilo hupimwa kwa sheria za nchi mbili, ile linakotoka na ile linakoingia. Kwa hiyo anayetaka kulimiliki aanze na karatasi, na fedha zifuate baadaye.

Jambo la kwanza la kubainisha ni iwapo sheria inalihesabu kuwa chombo cha usafiri au zana ya vita. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha, unaofuatwa pia na Jumuiya ya Afrika Mashariki, vifaru na magari ya deraya ya kivita (yaliyovikwa mabamba mazito ya chuma ya kuzuia risasi) yamo katika kifungu cha 87.10, yawe na silaha au yasiwe nazo, ilhali magari ya kawaida ya abiria na ya mizigo yamo katika 87.03 na 87.04. Kung'oa bunduki, basi, hakuligeuzi gari la deraya kuwa gari la kawaida. Nchini Tanzania ulinzi na usalama ni jambo la Muungano, na ruhusa ya ofisi ya Zanzibar pekee haiwezi kutosha. Ushauri wangu ni kuliacha kabisa gari la deraya. Huko Heikendorf, Ujerumani, mzee mmoja aliyehifadhi kifaru cha Vita Kuu ya Pili chini ya nyumba yake alinyang'anywa mwaka 2015, na mwaka 2021 mahakama ikampa kifungo cha nje na faini ya euro 250,000.

Kwa gari lisilo la deraya, ulizia kwanza lilivyotolewa jeshini. Nchini Uingereza muuzaji anapaswa kuwa na hati ya jeshi, inayojulikana kama Fomu 654, inayothibitisha kwamba gari limeondolewa katika utumishi. Marekani ilianza kuwauzia raia magari ya HMMWV (maarufu kama Humvee) mwaka 2014, lakini yaliuzwa kwa matumizi ya nje ya barabara za umma, na kuyasafirisha nje ya nchi kunabanwa na sheria za udhibiti wa bidhaa za kijeshi. Muuzaji asiyeweza kuonesha kibali cha kusafirisha, pale kinapohitajika, asilipwe hata amana.

Hapa ndipo wengi hukwama: hati ya jeshi mara nyingi hutaja namba ya kijeshi, ilhali forodha na usajili hutaka namba ya chesisi. Tafuta kibao kidogo cha chuma kilichopigwa ribiti ndani ya gari, kisha linganisha namba zake na zile zilizogongwa kwenye fremu yenyewe. Fremu ya jeshi huwa imepakwa rangi juu ya rangi, hivyo sugua taratibu kwa brashi ya waya mpaka tarakimu zisomeke zote, uzipige picha, na uhakikishe kila hati inazitaja vilevile, pamoja na namba ya injini.

Likifika bandarini, ushuru wa forodha hutozwa na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, na usajili wa namba za Z, yaani za Zanzibar, hufanywa na ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar). Iwapo usukani uko kushoto, pata jibu la maandishi kuhusu usajili kabla gari halijapakiwa melini. Ukinunua mnadani hapa nchini, dai hati ya mnada yenye namba ya chesisi, na usiliendeshe kwa vibao vya zamani vya jeshi au vya serikali.

Vilivyomo ndani navyo vina sheria zake. Redio ya mawasiliano inahitaji leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), na kwa maoni yangu ni salama zaidi kuiondoa kabla ya safari. Rangi ya mabaka na alama za vikosi zifutwe zote, maana jeshi letu halilichukulii jambo hili kwa wepesi: mwaka 2023 JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) liliwapa raia siku 7 kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Rangi mpya ikishapakwa, hakikisha kadi ya gari inaitaja rangi hiyo hiyo.