Sahani Kama Kipimo: Kuwatunza Wanyamapori Ukiwa Mkazi wa Mwanza

Mkazi wa Mwanza anapotajiwa uhifadhi wa wanyamapori, aghalabu mawazo yake huelekea Serengeti kwenye simba na nyumbu, akaona kuwa hilo ni jambo la askari wa hifadhi na watalii. Hata hivyo, viumbe wengi wanaoguswa na maamuzi ya mtu wa Kirumba, Igoma au Nyegezi wamo ziwani na kandokando yake, na maamuzi hayo hufanyika zaidi mbele ya meza ya muuza samaki kuliko mahali pengine popote. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia sokoni, na utakaa huko kwa muda.

Kanuni za uvuvi za Tanzania zinataka sangara anayevuliwa asipungue sentimita 50 na sato asipungue sentimita 25, akipimwa kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Si kila mnunuzi anayetembea na futi ya fundi cherehani, lakini kila nyumba ina sahani, na sahani ya kawaida ya wali ina upana wa sentimita 25 hivi. Sato halali huijaza sahani hiyo kutoka ukingo hadi ukingo, ilhali sangara halali, akiwa mzima, hawezi kuenea ndani yake. Basi sangara mzima anayelala kwenye sahani ya mama lishe, kichwa na mkia vikiwa ndani, ni samaki mchanga, na mteja hahitaji ushahidi zaidi ili aagize kitu kingine. Sangara wa vipande ni mgumu kumkadiria. Mnunue kwa muuzaji anayemkata mbele yako, au omba kuoneshwa kichwa chake.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tumhurumie sangara, ambaye aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambaye kuongezeka kwake katika miaka ya 1980 kulichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwani, zisizopatikana kwingineko duniani. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika zana za uvuvi. Kokoro, yaani wavu unaokokotwa kwenye maji ya kina kifupi, halichagui. Linamzoa sangara mchanga pamoja na furu waliosalia na sato walio katika mazalia yao. Sato jike hubeba mayai na vifaranga vyake kinywani, na furu wengi hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo mama akinaswa, kizazi chake hupotea pamoja naye. Anayekataa samaki wachanga anaipunguzia zana hiyo soko, na kwa maoni yangu hakuna jambo ambalo mtu wa kawaida wa mji huu anaweza kulifanya kwa ziwa lenye uzito kuliko hilo.

Siku ambayo hakuna samaki wa kipimo kinachofaa, dagaa ni chaguo jema, kwa kuwa hukua upesi na kuzaliana upesi. Chagua fungu lenye dagaa watupu. Fungu lililochanganyika na furu wadogo na vifaranga vya sangara mara nyingi hutokana na wavu uliovutwa karibu mno na ufuko. Unapokataa, kataa kwa adabu. Maneno kama "Mama, hawa wadogo sitawachukua, ukipata wakubwa niwekee" yanatosha, kwani mwenye meza ananunua kwa wengine na si yeye anayetega nyavu. Ukiona kokoro au timba (nyavu zilizokatazwa) zikitumika, mpe taarifa ofisa uvuvi au kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha mwalo husika badala ya kugombana na wavuvi.

Nyavu chakavu nazo hustahili uangalifu. Wengi wetu huzinunua kwa ajili ya kuzungushia bustani za mboga au mabanda ya kuku, na hakuna ubaya, mradi ziwambwe zikakazwa, kwa sababu wavu uliolegea hunasa ndege, kenge na nyoka. Ukichakaa kabisa usiutupe ufukoni, ambako mawimbi huurudisha majini ukaendelea kuwanasa samaki, ndege na fisi maji bila faida kwa yeyote.

Kuhusu taka, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kinachobaki ni kutotupa chupa na vifungashio kwenye mitaro, kwa kuwa mitaro ya katikati ya mji huishia mto Mirongo, na mto huo huishia ziwani. Gari, pikipiki na nguo zioshewe mbali na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zenye kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na virutubisho vinavyosombwa na maji machafu ndivyo vinavyolistawisha gugumaji. Mmea huo ulisambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake, jambo linalotosha kumfanya mtu asite kabla ya kupanda ua geni la majini bustanini.

Anayejenga kwenye kiwanja chenye mawe, kama vilivyo viwanja vingi vya mji huu, asiyapasue yote kuwa kokoto. Katika nyufa zake huishi pimbi, pamoja na yule mjusi ambaye dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu, na ambaye wanasayansi humwita Agama mwanzae. Panya wa nyumbani wanaswe kwa mtego badala ya sumu, kwa sababu bundi anayekula panya mwenye sumu hudhurika pia.

Nyamapori inunuliwe katika bucha lenye leseni tu, na risiti itunzwe, kwani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara za Serikali, yaani mnyamapori au sehemu yake, bila kibali, yakiwemo magamba ya kakakuona yanayouzwa kwa madai ya kuleta bahati.

Kwa wenye jamaa Magu, Busega au Bunda, wilaya zilizo upande wa Serengeti, jambo kubwa ni mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaosababishwa na virusi vya mbwa, uliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi ndio waliotajwa kuwa chanzo. Unapompeleka mbwa kupata chanjo ya kichaa, mwombe daktari wa mifugo na ya distempa, kwa kuwa chanjo ya kichaa peke yake haizuii ugonjwa huo.