Ukialikwa kupeleka ngoma za Burundi nje, fanya hivi

Watu wengi wakiambiwa waonyeshe utamaduni wetu huko Ulaya wanakimbilia nguo na chakula, ngoma zinawekwa mwisho kuchangamsha watu wakati wanakula, na hapo ndo tunapojipunja, maana hiki ndo kitu chetu ambacho dunia inakijua, Unesco wameiorodhesha tangu 2014.

Kwanza kibali. Tangu 2017 kuna amri ya rais, kikundi lazima kisajiliwe wizara ya utamaduni, kwahiyo anza mapema usingoje viza zitoke. Amri hiyohiyo inakataza wanawake kupiga, wanaruhusiwa kucheza tu. Mgeni atakuuliza hilo, mjibu ukweli bila kuzunguka, mi naona inatunyima wapigaji wazuri.

Pili, mwenye ukumbi mwambie unahitaji nafasi ya nusu duara. Ngoma idadi yake ni witiri siku zote, ile inayoitwa inkiranya inakaa katikati ndo inaongoza, zinazoitwa amashakwe zinashika mdundo usiobadilika, zinazoitwa ibishikizo zinaifuata inkiranya. Akikupa kijukwaa cha kona kataa, piga nje uwanjani, wapigaji wanaingia ngoma zikiwa kichwani huku wanapiga, wataruka vipi hapo konani?

Sasa baridi. Kuna mahali tulipewa stoo yenye unyevu usiku kucha, asubuhi nagonga ngozi na kidole inatoa sauti kama ya boksi, imelegea kabisa. Tukazisogeza karibu na hita, si karibu sana ngozi itapasuka, tukawa tunazigeuza kila baada ya muda tunagonga tunasikiliza, mpaka saa nane mchana inkiranya ikaanza kuitika vizuri. Toka siku hiyo chumba kikavu nakiandika kwenye mkataba.

Halafu kabla ya pigo la kwanza mtu asimame aongee dakika mbili kwa lugha ya wenyeji, aseme kwamba kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na ni ufalme pia, na kwamba Gishora karibu na Gitega bado zipo ngoma zilizotunzwa tangu enzi za mwami, yaani mfalme. Nimeona watu wakishasikia hivyo wanaweka simu chini.

Mkimaliza msipakie haraka. Wape watoto mirisho, zile fimbo za kupigia, washike, wapige kidogo, na mwalimu yeyote aliyekuja chukua namba yake palepale, mwombe kesho yake mwende darasani kwake na ngoma 3 tu.