Namna ya Kulinganisha Spika za Bei Nafuu na za Bei Ghali kwa Haki

Anayetaka kujua kama spika za bei ghali zina thamani ya fedha zake asianze na maandishi ya kwenye boksi. Sabufa nyingi zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue hubandikwa maelfu ya wati za PMPO, kipimo cha kishindo cha kufumba na kufumbua ambacho kila mtengenezaji hukikokotoa apendavyo. Ulizia wati za RMS, yaani nguvu ambayo chombo huihimili mfululizo.

Hatua ya kwanza, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, ni kusawazisha ukubwa wa sauti. Tofauti ikiwa hata ya desibeli moja tu, msikilizaji huenda asitambue kwamba jozi moja iko juu zaidi, ila ataiona kuwa ndiyo safi zaidi. Muuzaji akihama kutoka jozi hii hadi ile bila kugusa kitufe cha sauti, ushindani umekwisha kabla haujaanza, kwa sababu spika hazigeuzi umeme kuwa sauti kwa wepesi uleule: spika inayotoa desibeli 90 kwa wati 1 katika umbali wa mita 1 itafikia kwa wati 10 kiwango ambacho ile ya desibeli 84 itakihitajia wati 40. Kwa hiyo weka simu yenye programu ya kupima sauti pale utakapokaa, cheza mvumo wa majaribio ule unaofanana na mvua juu ya bati, kisha rekebisha hadi jozi zote mbili zisome namba moja. Simu haipimi kwa usahihi wa maabara, lakini kwa kulinganisha inatosha.

Pili, usizione. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya Harman nchini Marekani, waliwapa watu spika zilezile wazipe alama, mara wakiziona na mara zikiwa nyuma ya pazia, na alama zikabadilika. Nyumbani shuka jepesi linatosha, pamoja na mtu wa kubadilisha nyaya bila kusema neno. Jozi zote zikae mahali pamoja kwa zamu, kwani spika iliyosogezwa ukutani huongeza besi, na hilo si sifa ya spika bali ni kazi ya ukuta.

Sasa sikiliza. Anza na sauti ya mtu anayezungumza peke yake, kwa mfano msomaji wa taarifa ya habari: je, anasikika yuko chumbani, au kana kwamba anaongea ndani ya pipa? Hapa spika nzuri ya bei nafuu mara nyingi husimama bega kwa bega na ile inayouzwa mara kumi ya bei yake, na ninaamini wanunuzi wengi wangeokoa fedha nyingi wangeanzia hapa. Kisha cheza muziki wenye gitaa la besi. Uzi wake mnene ukipigwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo yenye koni ya inchi 5 kwa kawaida huanza kuishiwa nguvu kabla ya kufika huko. Utasikia noti za juu zikiwa nene na ile ya chini ikififia. Weka kiganja ubavuni mwa sanduku wakati huo: likitetemeka sana, nalo linaongeza sauti yake ambayo haikurekodiwa.

Mwisho pandisha sauti taratibu. Spika ya bei nafuu huanza kukwaruza au kubana mapema, ilhali kubwa ya gharama hubaki tulivu. Besi ya chini na utulivu huo ndivyo vitu viwili ambavyo fedha hununua kwa uhakika zaidi. Vingine vingi ni mbao na rangi. Ikiwa chumba chako ni cha mita 3 kwa 3 na jirani yuko nyuma ya ukuta, linganisha kwa kiwango utakachosikiliza kila siku, si kile cha dukani.