Namna ya kubuni mazingaombwe yako mwenyewe mjini Goma

Noti ya dola yenye mchaniko pembeni, hata usiozidi upana wa ukucha, hukataliwa na wauzaji wengi wa Goma baada ya kugeuzwageuzwa kwenye mwanga. Kwa hiyo msanii anayeichana noti ya mtazamaji kisha akaiunganisha tena anagusa jambo ambalo karibu kila aliyesimama pale limewahi kumkosesha chakula cha jioni. Mchezo huo ni wa zamani na hufanywa duniani kote. Kipya ni wasiwasi unaouzunguka hapa kwetu. Anayetaka kukuza ubunifu wake na aanzie kwenye wasiwasi na matamanio ya namna hiyo, kabla hajatafuta mbinu yoyote ya vidole.

Chukua daftari dogo, utembee nalo juma zima, ukiandika vitu ambavyo watu huvihesabu, huvificha au huvigombania. Katika soko la Virunga au ufukweni Kituku hutakosa: mafungu ya sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, ufunguo uliofungwa kwenye ncha ya kitenge, chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, iliyolemewa na magunia ya makaa, kipande cha jiwe jeusi la volkano. Mbele ya kila kitu andika vitenzi kama kutoweka, kurudi, kuhama, kupenya au kuwa kizito, kisha uoanishe bila kuchagua, maana mengi yatakuwa hayafai na hilo ni sehemu ya kazi. Jiwe la volkano ndilo lililonishika zaidi. Mji huu uliona lava ya Nyiragongo ikikata katikati yake Januari 2002 hadi kufika ziwani, na watu wakajenga tena juu ya mawe yale yale. Jiwe linaloanza kupata joto ndani ya kiganja cha mtazamaji halihitaji hotuba. Linahitaji heshima, hata hivyo, na nisingelionyesha mbele ya mtu ambaye najua alipoteza nyumba au ndugu katika moto huo.

Usidhani kwamba ubunifu ni kuvumbua siri ambayo haijawahi kuwako. Jean-Eugène Robert-Houdin, Mfaransa aliyekuwa fundi wa saa kabla ya kuwa mwanamazingaombwe, alikuwa na sanduku lililoshikiliwa sakafuni kwa sumaku ya umeme, ambalo watazamaji wa Paris walilifurahia kama burudani. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilipomtuma Algeria, chombo kilikuwa kile kile, lakini alibadilisha maneno: alimwambia mwanamume mwenye nguvu kwamba atamwondolea nguvu zake, na yule bwana akashindwa kuliinua. Jifunze kutoka kwake jinsi sentensi moja inavyougeuza mchezo mzima. Usimfuate katika lengo, kwa kuwa alitumwa kuwatisha watu waliotawaliwa, na sanaa yetu haifai kumwacha mtu akiwa mdogo kuliko alivyokuja.

Siri ya utendaji itafutwe mwisho. Barabarani kwetu watazamaji hukuzunguka pande zote, watoto wakichungulia kutoka nyuma ya viwiko vyako, kwa hiyo kila mbinu inayotegemea meza au upande mmoja wa kutazamwa itakufia mikononi. Kubali kikwazo hicho mapema, nacho kitakusukuma kwenye njia rahisi zaidi. Kanuni ninayoiamini kuliko zote ni kutenganisha wakati: tendo la siri lifanyike watu wakiwa bado wanaamini kwamba mchezo haujaanza, na ajabu itokee baadaye, mikono yako ikiwa wazi na imetulia. Katika mchezo wa noti, kwa mfano, sauti ya kuchanika itoke kwenye karatasi nyingine, na noti ya mwenyewe isikaribie hatari hata mara moja.

Kuna mipaka ambayo ubunifu usiivuke. Kuzidisha noti kunafanana mno na ulaghai unaowanyang'anya watu akiba zao, na kujifanya mponyaji ni dhambi dhidi ya wagonjwa. Zaidi ya hayo, katika nchi yetu ya Kongo, ambako watoto wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, hata baada ya sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 kuweka adhabu kwa anayewatuhumu hivyo, usimwache mtoto yeyote aonekane kuwa ndiye chanzo cha ajabu. Tamka mwanzoni, kwa sauti inayosikika, kwamba unachofanya ni ufundi uliojifunza.

Ukishaufanyia mazoezi, mwonyeshe dada yako au jirani, na usimwulize lolote siku hiyo. Kesho yake mwombe amsimulie mtu mwingine alichokiona, nawe usikilize tu. Alichokiruka kiondoe, alichokiongeza, kama vile kudai kwamba hukuigusa noti kabisa, kilinde kama mboni ya jicho, kwa sababu hapo ndipo mchezo wako ulipo. Simulizi lake lisipoingia katika sentensi mbili, rudi kwenye daftari.

Kisha ufanye karibu na kibanda cha muuzaji, umrudishie mwenye noti mali yake, na umwombe anunue chochote. Wacha muuzaji aiinue kwenye mwanga.