Triga ngumu ya .22: pima kwanza ndio uende kwa fundi

Nina bunduki ndogo ya risasi za .22, CZ 452, ya bolti (kile chuma unachokivuta kwa mkono kufungua na kufunga chemba, pale risasi inapokaa), niliipata kihalali kabisa kwa leseni baada ya baba mdogo wangu wa Kibosho kuzeeka akaamua kuiachia na taratibu zote tukazipitia polisi. Bunduki nzuri sana, mtutu wake bado safi, ila triga yake jamani. Ukivuta inakwama, inasogea kidogo, inakwama tena, afu ghafla inaachia wakati wewe ulishakata tamaa na darubini imeshahama kwenye shabaha. Kwa miaka miwili nilikuwa najilaumu mimi, nabadilisha risasi, nabadilisha darubini, kumbe tatizo lipo hapo chini ya kidole. Sasa nimeshairekebisha na nataka niandike vizuri jinsi nilivofanya, kwa sababu naona wengi huku Arusha na Moshi wanazo hizi bunduki za Kicheki, CZ na Brno za zamani, na wanazivumilia tu.

Kwanza tuelewane kwa nini triga inaharibu shabaha. Bunduki yangu ina uzito wa kama kilo 3, na triga ilikuwa inahitaji zaidi ya kilo 2 kuivuta, yaani kidole kinavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa bunduki yenyewe, lazima itasogea. Na kusogea kwenyewe hakuhitaji kuwa kukubwa. Mdomo wa mtutu ukihama milimita 1 tu huku kitako kimetulia begani, umbali wa kama mita 1 kutoka begani mpaka mdomoni, risasi kwenye mita 50 inaenda pembeni kama sentimita 5. Sentimita 5 ni nyingi sana kwa mtu anayepiga karatasi.

Kwahiyo hatua ya kwanza ni kupima, usikisie. Mizani nzuri ni ile ya kidigitali ya kuning'iniza mabegi, kampuni za utalii wanazo kila ofisi za kupimia mizigo ya wageni wa mlimani, maduka ya vifaa vya simu pia wanauza. Toa magazini, fungua bolti, angalia chemba kwa macho na ingiza kidole kidogo uguse, kama chumba kina giza washa tochi ya simu. Risasi zote zikae chumba kingine, siyo mezani pembeni. Mtutu uelekee upande ambao hata ikitokea ajali hakuna mtu, na ukuta wa tofali moja usiuhesabu kama kinga.

Halafu ziba chemba na risasi za plastiki za mazoezi, au kama huna, vile viplastiki vya ukutani vya kushikia skrubu kutoka duka la vifaa vya ujenzi, chagua saizi inayoingia bila kulazimisha na kutoka bila kushindana nayo. Hii ni muhimu kwa .22 kuliko bunduki kubwa. Baruti ya kuwashia ya .22 ipo kwenye ukingo wa ganda na siyo katikati, kwahiyo pini, kile chuma chembamba kinachogonga risasi, inagonga ukingoni, na kwenye bunduki za zamani ukifyatua tupu mara nyingi pini inaweza kufika kwenye mdomo wa chemba ikaacha alama, ganda likaanza kung'ang'ania. Kidude cha plastiki kinapokea pigo badala ya chuma, na kila ukifyatua mara kadhaa kizungushe au weka kingine.

Sasa nasa ndoano ya mizani katikati ya triga, pale kidole kinapokaa, vuta moja kwa moja kurudi nyuma taratibu, soma namba pale inapoachia. Fanya mara 10 na uandike zote. Yangu ilikuwa inacheza kati ya kilo 2 na gramu 100 mpaka kilo 2 na gramu 600, wastani kama kilo 2 na gramu 300. Hilo la kucheza ndilo lililonishtua zaidi, maana triga isiyotabirika inakuondolea kabisa uwezo wa kujua lini mlio utatoka. Wakati unapima sikiliza pia mambo mawili. Kuna safari, yaani triga inatembea umbali gani kabla haijaachia, na kuna mwisho, yaani ikishaachia inaendelea kutembea kiasi gani nyuma. Ya kwangu safari ilikuwa ndefu yenye mikwaruzo. Hapo nikajua kwamba kupunguza uzito peke yake hakutanisaidia, ninachotaka ni triga inayoachia sehemu ile ile kila siku.

Kabla ya kutoa hela, safisha. Vumbi letu huku, hasa mtu ukitokea Sanya Juu au Boma Ng'ombe kiangazi, linaingia kila tundu, likikutana na mafuta ya zamani linakuwa kama ugoro. Mimi nilitoa bolti, nikafungua zile skrubu mbili za chini zinazoshika chuma kwenye mti (ile sehemu ya mbao ya bunduki), nikapiga picha kwa simu kila hatua, na sehemu ya triga nikaisafisha na mafuta ya taa kwa brashi ya meno, nikaacha ikauke kabisa, nikaweka tone moja moja tu la mafuta mepesi ya bunduki kwenye vipini vya triga. Tone. Usimwage, na usitumie mafuta ya injini, yanashika vumbi utarudi ulikotoka. Baada ya kusafisha tu namba zilishuka kidogo na ile mikwaruzo ikapungua karibu nusu, na sijalipa mtu shilingi. Wakati wa kurudisha skrubu za mti zikaze kwa kupokezana, mbele kidogo nyuma kidogo, maana mti ukikaa vibaya na yenyewe inaharibu shabaha ukadhani ni triga.

Kutoka hapo kwenda mbele ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni. Najua kuna watu mikono yao ni mizuri, lakini silaha hapa kwetu ipo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, na vipuri vyake siyo kama spea za bodaboda kwamba unaagiza nje kifurushi kinakuja, ukikwama navyo utaeleza nini. Uliza ofisi ya OCD wako (mkuu wa polisi wa wilaya) fundi anayetambulika ni nani na kipuri kinaingiaje, nenda na leseni yako, bunduki kwenye mfuko wake, bolti umeitoa. Niliwahi kumpelekea fundi mmoja wa mtaani akaniambia atapiga msasa zile sehemu za ndani zing'ae, nikamnyang'anya bunduki yangu kwa heshima nikaondoka. Zile nyuso mbili zinazoshikana, ile ya triga na ile inayozuia pini, zimefanywa ngumu kwa juu tu na pembe yake imekatwa kwa hesabu. Ukisugua ukaondoa lile gamba au ukageuza pembe, leo itakuwa laini na tamu, mwezi ujao inaachia yenyewe ukifunga bolti.

Fundi niliyempata baadaye ni mzee mtulivu, akaniuliza, "Mwanangu, unapiga karatasi au unatembea nayo shambani?" Nikasema karatasi zaidi, shamba mara moja moja. Akasema basi hatushuki chini ya kilo moja na kidogo. Nakubaliana naye kabisa, bunduki ya kutembea nayo, mikono ina baridi asubuhi pale chini ya mlima, triga ya gramu 500 ni hatari.

Kwenye CZ 452 mfumo ni rahisi sana, kuna springi na nati inayoibana, ukilegeza nati uzito unapungua, basi. Yeye alihesabu mizunguko na kuiandika, akabadilisha springi ile ngumu akaweka laini iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki hii, na akaweka wasaha nyembamba kupunguza ile safari. Mwenye CZ 457, ile iliyotoka 2019, ana bahati kwa sababu triga yake imetoka kiwandani ikiwa na skrubu za kuirekebisha, uzito, safari na mwisho, kwahiyo anza na hizo skrubu kabla ya kuwaza kununua kitu. Na kama unataka kubadilisha yote zipo triga kamili za kuchomeka, Timney wanatengeneza ya 457, ila gharama na usumbufu wa kuiingiza kihalali upime mwenyewe, kwangu mimi springi ilitosha.

Kuna kitu kimoja mtu akikwambia mkatalie, kukata au kulegeza springi ya pini ili triga iwe nyepesi. .22 inataka pigo zito ili ukingo wa ganda ubonyee na baruti iwake. Ukilegeza utaanza kupata risasi zinazogoma na nyingine zinawaka kivivu, karatasi itaonyesha matundu yanapanda na kushuka. Na risasi ikigoma usifungue bolti haraka, mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu mpaka sekunde 30 ndio utoe.

Bunduki ikirudi kutoka kwa fundi bado haiaminiki, na hapa ndipo naomba usiwe na haraka. Chemba tupu, hakikisha tena. Koki (fungua na funga bolti ili pini iwe tayari kugonga), sefti, yaani kizuizi cha usalama, iwe imetolewa, gonga kitako chini kwenye zulia au godoro jembamba mara kadhaa, piga na pande zote kwa nyundo ya mpira siyo kwa hasira ila kwa uzito. Pini isiachie hata mara moja. Kisha sukuma bolti kwa nguvu kama mtu mwenye papara, mara 20, isiachie. Kisha weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia kidole, ondoa sefti bila kugusa triga. Hapa ndipo triga mbovu nyingi zinajisaliti, ukiondoa sefti tu tak. Ikitokea mara moja kati ya mia, rudisha kwa fundi siku hiyo hiyo, usiipeleke kupiga.

Ya kwangu ilipita yote. Mizani ikasoma kilo 1 na gramu 400, na mara 10 nilizopima tofauti haikuzidi gramu 60. Nati tuliwekea tone la rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, ikilegea alama inakatika naiona bila kufungua kila kitu. Siku ya kwanza kupiga weka risasi moja moja, usijaze magazini, piga kama 10 hivi na usikilize kila moja. Halafu ndio karatasi. Mimi kwenye mita 50, nimeegemea mfuko wa mchanga, risasi zile zile za zamani, matundu 5 yalikuwa yanasambaa sentimita 7 hivi, sasa hivi ni kama 3, na siku nikitulia vizuri yanagusana.

Baada ya risasi 200 nilipima upya kwa sababu springi mpya inajikalisha, ilikuwa imeshuka mpaka kilo 1 na gramu 350. Nimeandika namba na tarehe kwenye karatasi ndogo ndani ya mfuko wa bunduki, na nitapima tena mvua za masika zikiisha.